Msongo sugu wa mawazo na tezi ya shingo

Msongo sugu wa mawazo ni hali ya mwili na akili kubaki katika tahadhari kwa wiki, miezi au hata miaka. Hali hiyo inaweza kuvuruga mdundo wa homoni za tezi ya shingo (huitwa pia dundumio), na inahusiana na sonona.

Tezi hiyo haijiamulii kazi. Hipothalamasi, sehemu ya ubongo, hutoa homoni ya TRH inayoichochea tezi ya pituitari kutoa TSH, nayo TSH huiamuru tezi ya shingo kutengeneza T4 na T3. Namba hizo ni idadi ya atomi za iodini katika kila molekuli. Kwa mtu mzima mwenye afya TSH hupanda usiku, hufikia kilele takriban saa 8 hadi 10 usiku, kisha hushuka hadi alasiri. T4 haiyumbi hivyo, kwani huchukua karibu siku 7 kupungua kwa nusu katika damu.

Wakati wa msongo, tezi zilizo juu ya figo hutoa kortisoli. Ikizidi, hupunguza TSH na kuzuia T4 isigeuzwe kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona kali kile kilele cha usiku hufifia. Kipimo kimoja cha asubuhi hakiwezi kuonyesha jambo hilo.

Tuchukue mfugaji wa Olbalbal, kata kame ya Wilaya ya Ngorongoro. Ukame unapoua ng'ombe, hupoteza chakula, akiba na heshima kwa pamoja. Tangu 2022, familia kadhaa za eneo la hifadhi zilipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni, suala la makazi nalo limekuwa mzigo. Mtu huyo hukesha; na kukesha usiku mmoja hupandisha TSH, kinyume cha kortisoli. Ndiyo maana si sahihi kusema tu kwamba "msongo hushusha homoni".

Upungufu wa homoni hizi huleta uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, kuongezeka uzito na huzuni. Dalili kadhaa hufanana na za sonona, na mgonjwa huitwa mvivu au husemekana karogwa. Kupima TSH katika damu husaidia kutofautisha. Mwenye upungufu hupewa levothairoksini. Dawa hiyo si tiba ya msongo, na kuimeza bila kupimwa huweza kuvuruga mapigo ya moyo.