Je, Wajua? Hawakuteuliwa, Wakabeba Ubingwa

Je, wajua kwamba kila mwaka timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hukaa siku tatu zikiteua vijana kutoka vyuo vikuu, jina baada ya jina, raundi 7 mfululizo? Majina kama 250 husomwa mbele ya kamera. Jina la mwisho likishatajwa, simu zinaanza kulia kwa vijana ambao hawakuitwa, na hapo ndipo utamu ulipo!

Leo tunawataka hao hao walioachwa. Tena si wote, bali wale mapande ya watu wa mstari wa mbele: walinzi watano wa timu inayoshambulia, wanaosimama kati ya kwotabeki wao, yaani mrusha pasi, na watu wanaokuja mbio kumwangusha.

Je, wajua kwamba walinzi hao kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi? Huvaa namba 50 hadi 79, na anayetaka kudaka sharti kwanza aende kumwarifu mwamuzi. Wa katikati tu, yaani senta, ndiye anayeushika mpira kila shambulizi linapoanza, naye anautoa papo hapo kupitia katikati ya miguu yake!

Na je, wajua kwamba anayeteuliwa wa mwisho kabisa hufanyiwa sherehe? Tangu 1976 mji wa Newport Beach, California, humwalika kwa karamu na kombe lenye sanamu ya mchezaji anayedondosha mpira. Kijana ambaye angefuata baada yake hapati karamu wala kombe.

Lakini ngoja, usimhurumie haraka. Wapo wanaoomba kimoyomoyo wasiitwe katika raundi ya 7! Ukiitwa, timu iliyokuita ndiyo yako, upende usipende. Usipoitwa, unachagua mwenyewe pale unapoona mstari wa mbele una pengo.

Tena, je, wajua aliyeitwa wa kwanza katika uteuzi wa kwanza kabisa? Ni Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1936. Hakucheza hata mechi moja ya NFL!

Sasa kaa sawa, tuingie kwenye mambo makubwa.

Mwaka 1967 timu zilisoma majina 445. Mia nne arobaini na tano! Larry Little, kijana wa chuo kidogo cha Bethune-Cookman huko Florida, hakuwemo. Alisaini na San Diego Chargers kwa bonasi ya dola 750, basi.

Mwaka 1969 Chargers wakambadilisha, wakampeleka Miami Dolphins na kumchukua Mack Lamb. Je, wajua Mack Lamb alikuwa nani? Mwenzake waliyecheza naye shule ya sekondari, papo hapo Miami!

Mwaka 1970 yakasomwa majina 442, na Jim Langer wa South Dakota State naye akaachwa. Cleveland Browns wakamjaribu, wakamtema. Akaokotwa na nani? Dolphins hao hao! Akawekwa kuwa senta, na ubavuni kwake, upande wa kulia, akasimama Larry Little.

Nisikilize vizuri hapa. Msimu wa 1972 Dolphins walicheza mechi 17 na kushinda 17, pamoja na Super Bowl, fainali ya ligi. Hakuna timu nyingine ya NFL iliyowahi kumaliza hivyo, si kabla yao wala baada yao. Na pale katikati ya mstari wao wa mbele walisimama bega kwa bega watu wawili ambao timu zote ziliwaruka, mmoja mara 445, mwingine mara 442!

Langer hakukosa shambulizi hata moja msimu huo. Makocha walipokaa kuzipitia filamu, walikuta kwamba katika kazi zake zaidi ya 500 za kuzuia, alihitaji msaada mara 3 tu. Mara tatu!

Mwaka huo huo Larry Csonka na Mercury Morris wa Dolphins walikimbia yadi 1,000 au zaidi kila mmoja, jambo ambalo wachezaji wawili wa timu moja hawakuwahi kulifanya kabla ya hapo. Unajua waliofungua njia. Leo Langer na Little wote wamo katika Ukumbi wa Mashuhuri huko Canton, Ohio.

Unakumbuka zile dola 750? Zishike akilini. Mwaka 2014 Andrew Norwell hakuteuliwa, akaenda kujaribu bahati Carolina. Mwaka 2018 Jacksonville wakamsainisha mkataba wa miaka 5 wa thamani ya dola milioni 66.5!

Je, wajua kwamba Joe Jacoby alipata kazi kwa sababu kocha alimfananisha? Mwaka 1981 Joe Gibbs wa Washington alikaa na jitu hilo la zaidi ya mita 2, akadhani ni mchezaji wa ulinzi, akamwambia karibu. Baadaye akagundua kwamba ni mtu wa mstari wa mashambulizi, na hao alikuwa nao tele! Ahadi ilikuwa imeshatoka, Jacoby akabaki, akashinda Super Bowl 3.

Senta wao, Jeff Bostic, naye hakuteuliwa, mwaka 1980. Mstari wao uliitwa “Nguruwe”, na mashabiki wa kiume walikuwa wakija uwanjani wamevaa magauni na pua za nguruwe kwa mapenzi. Katika Super Bowl ya Januari 1988 timu hiyo ilifunga pointi 35 katika robo moja tu ya mchezo!

Na Nate Newton je? Mwaka 1983 hakuteuliwa, Washington wakamchukua kisha wakamkata, na siku hiyo hiyo ya kukatwa akapata ajali ya gari. Akapona. Akaibukia Dallas Cowboys mwaka 1986, akashinda Super Bowl 3 na kuitwa mara 6 kwenye Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.

Enzi hizo Chicago Bears walikuwa na William Perry, ambaye kwa ukubwa wake aliitwa “Jokofu”. Wenzake Newton wakamtazama mtu wao, wakaona jokofu halitoshi. Wakamwita “Jiko”!

Sasa sogea karibu, maana huyu anayefuata nampenda kuliko wote. Jeff Saturday.

Mwaka 1998 yalisomwa majina 241, lake halikuwemo. Wasaka vipaji walimwona mfupi. Baltimore Ravens wakamsaini mwezi Aprili, mwezi Juni wakamwacha. Je, wajua alikwenda wapi? Raleigh, North Carolina, kufanya kazi katika biashara ya vifaa vya umeme!

Aliyemtoa huko ni rafiki yake waliyekaa naye chumba kimoja chuoni, aliyekuwa akichezea Indianapolis Colts. Rafiki huyo alimwendea bosi wa timu mwenyewe kumwombea nafasi. Mwaka 1999 Saturday akasaini, na kwa miaka mingi akawa ndiye anayempa mpira Peyton Manning. Walianza pamoja mechi 170!

Halafu kuna Januari 2007. Fainali ya kanda dhidi ya New England Patriots, Colts wako nyuma 21–3. Robo ya mwisho mwenzao anaudondosha mpira karibu kabisa na mstari wa goli, unaviringika hadi ndani. Nani anauangukia? Senta! Jeff Saturday, yule wa vifaa vya umeme, anafunga tachidauni, na Colts wanashinda 38–34.

Wiki mbili baadaye walitwaa Super Bowl mjini Miami, fainali ya kwanza katika historia kuchezwa kwenye mvua. Hebu fikiria kazi ya senta siku hiyo, mpira umelowa na unapita mikononi mwake kila shambulizi. Walishinda 29–17.

Je, wajua kwamba ni yeye pia aliyemkumbatia tajiri mbele ya kamera? Mwaka 2011 wamiliki wa timu na wachezaji walivutana juu ya fedha tangu Machi hadi Julai, na ligi ilikuwa imefungwa. Siku ya kutangaza maelewano, Robert Kraft, mmiliki wa Patriots, alikuwa amefiwa na mkewe siku chache tu kabla. Saturday alimshukuru hadharani kwa kuokoa msimu huku akiwa msibani, kisha akamkumbatia mtu ambaye timu yake alipambana nayo maisha yake yote ya uchezaji. Picha ile ilizunguka Marekani nzima.

Bado! Januari 2013, Pro Bowl huko Honolulu, Saturday yuko upande mmoja na Manning upande wa pili. Ilikuwa mechi yake ya mwisho. Wakamruhusu avuke kwenda kwa wapinzani, ampe Manning mpira kwa mara ya mwisho. Katikati ya mchezo!

Na Novemba 2022 Colts walimwita awe kocha wao wa muda, ilhali hakuwahi kufundisha timu ya chuo wala ya kulipwa, ila shule ya sekondari tu. Akashinda mechi ya kwanza. Saba zilizofuata akapoteza zote.

Tuvute pumzi kidogo, halafu nikupeleke kwenye mieleka.

Stephen Neal hakucheza futiboli chuoni hata dakika moja. Alikuwa mwanamieleka wa Cal State Bakersfield, na mwaka 1999 alimshinda Brock Lesnar katika fainali ya vyuo vikuu. Naam, Lesnar yule yule wa mieleka ya kwenye televisheni! Mwaka huo huo Neal akawa bingwa wa dunia. Kisha akaenda Patriots, akajifunza kila kitu kuanzia mwanzo, na akavaa pete 3 za Super Bowl.

Je, wajua kwamba George Fant alimaliza miaka 4 akicheza kikapu katika chuo cha Western Kentucky? Mwaka 2016 hakuteuliwa, na mwaka huo huo akaanza mechi za NFL kama mlinzi wa pembeni kushoto wa Seattle, anayelinda mgongo wa kwotabeki. Brian Waters naye, aliyeachwa mwaka 1999, ilibidi aende hadi Berlin kucheza ligi ya Ulaya kabla hajasimama imara Kansas City. Mwaka 2004 Kansas City walifunga tachidauni 8 za kukimbia katika mechi moja dhidi ya Atlanta, na Waters alikuwemo akisafisha njia!

Halafu Alejandro Villanueva. Wazazi Wahispania, urefu mita 2 na sentimita 6, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka 2010 hakuteuliwa, akaenda jeshini: mara tatu Afghanistan, na nishani ya Nyota ya Shaba kwa kuwaokoa wenzake waliojeruhiwa chini ya risasi.

Mwaka 2014 Philadelphia Eagles wakamjaribu kwenye safu ya ulinzi. Wakati wa mechi ya majaribio, wimbo wa taifa ukiimbwa, kocha Mike Tomlin wa Pittsburgh alimwona ng'ambo ya uwanja, akauliza huyo ni nani. Eagles walipomwacha, Pittsburgh wakamchukua na kumhamishia upande wa mashambulizi. Akaingia Pro Bowl mara 2!

Na Afrika Mashariki? Yupo wetu! Daniel Adongo wa Nairobi alikuwa mchezaji wa raga Afrika Kusini na New Zealand, hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Mwaka 2013 Colts walimsaini bila uteuzi wowote, na Desemba akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Yeye hakuwa wa mstari wa mbele, alikuwa upande wa ulinzi, lakini ningemwachaje?

Kabla hujachoka, shika hesabu hii. Frank Gatski, mtoto wa kambi ya wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na kujiunga na Cleveland Browns mwaka 1946 bila kuteuliwa na yeyote. Alicheza misimu 12 kama senta. Fainali za ubingwa alizocheza: 11. Alizoshinda: 8!

Na Jason Peters? Mwaka 2004 alikuwa mdakaji wa pasi mwenye karibu kilo 150, hakuna timu iliyojua imweke wapi. Buffalo wakamchukua. Desemba ya mwaka huo huo, wapinzani wakijiandaa kupiga mpira mbali na goli lao, akawaparamia, akauzuia mkwaju na kuuangukia mwenyewe kwa tachidauni!

Baadaye wakamgeuza mlinzi wa pembeni, na hapo akaanza kuwatesa watu: Pro Bowl mara 9. Mwaka 2012 alichanika mshipa wa kisigino, akiwa anauguza ukachanika tena, msimu wote ukapotea. Mwaka 2013 akarudi na kuchaguliwa kuwa miongoni mwa bora kabisa wa ligi nzima.

Mwaka 2023 alikuwa bado uwanjani, safari hii Seattle, na umri wake miaka 41. Mlinzi wa pembeni kushoto wa timu hiyo alikuwa Charles Cross. Je, wajua Cross alikuwa na umri gani siku Peters aliposaini mkataba wake wa kwanza? Miaka 3!