Malori ya Taka Yanayobeba Maji

Mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliinyima Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam muda zaidi wa kutupa taka Tabata. Wakazi waliochoshwa na moshi, nzi na uvundo walikuwa mahakamani tangu 1988. Jiji likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na mwishoni mwa miaka ya 2000 likafika Pugu Kinyamwezi, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya mji. Dampo lilihama, lakini kinachoingia dampo hakikubadilika.

Uzoaji wenyewe ulipangwa upya mara kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa likizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake. Mwaka 1994 kata 10 za katikati zikakabidhiwa kampuni moja binafsi, Multinet Africa, iliyotakiwa kujiendesha kwa ada, lakini wengi hawakulipa. Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyoshika nafasi ya halmashauri iliyovunjwa 1996, ikagawa kata kwa makampuni na vikundi vingi vya wananchi kuanzia 1998. Kufikia mwaka 2001 uzoaji ulikadiriwa kukaribia asilimia 40. Si haba.

Lakini utaratibu huo ulirithisha kasoro moja: mzoaji anaishi kwa ada ya kuondoa taka mlangoni. Hakuna anayemlipa kwa kuzipunguza wala kuzitenganisha.

Kariakoo ndiko kasoro hiyo inakoonekana wazi. Majani ya kabichi, maganda ya ndizi, nyanya zilizopondeka na mabaki ya mama lishe ni taka mbichi zilizojaa maji. Zikichanganywa na maboksi ya maduka ya Mtaa wa Congo, maboksi yanalowa na kupoteza bei, na zile mbichi zinachafuliwa na plastiki hata zisifae kwa mboji. Kisha lori linachoma mafuta mpaka Pugu likibeba, kwa sehemu kubwa, maji. Waokota makopo na wanunuzi wa maboksi huokoa wanachoweza kabla halijaondoka, na kazi yao inalipunguzia jiji mzigo bila jiji kuwalipa hata senti.

Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kabla ya hapo manispaa zilisimamia uzoaji, huku Jiji likisimamia dampo la Pugu. Aliyezoa na aliyemiliki dampo walikuwa ofisi mbili. Sasa Ilala, yenye Kariakoo na Pugu ndani ya mipaka yake, inaweza kuona moja kwa moja kwamba kila tani isiyofika dampo ni mafuta yaliyobaki na nafasi iliyookolewa.

Mifano ya kuiga ipo hapahapa. Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio imefanya kazi na wazoaji wa kata hiyo kukusanya taka zilizotenganishwa nyumba kwa nyumba. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, na malighafi yake bora ni taka za masokoni. Na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilipunguza taka bila kununua lori hata moja.

Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika 1975 liliungua Julai 2021, na serikali ikalikarabati na kuongeza jengo jipya. Wafanyabiashara wa mboga na matunda wamekusanyika eneo moja, taka zao zinafanana na zinatoka kila siku kwa wingi. Ni rahisi kuzitenganisha kuliko za kaya elfu moja. Kwa hiyo mkataba ujao wa uzoaji Kariakoo uandikwe hivi: taka mbichi ziwe na kizimba na gari lake, mzabuni alipwe kwa kila tani inayofika kwenye mboji, na waokota makopo watambuliwe ndani ya mkataba huo. Madiwani wa Ilala wanaweza kuanza na soko hilo moja.