Je, Wanyama Huona Hatari Tusiyoiona Sisi?

Katika vilima vya Bule, nchi ya Djugu, mkoa wa Ituri, jioni hufika na baridi yake. Ng'ombe hurudi zizini, moshi hupanda juu ya nyumba, nao watoto huitwa ndani. Kisha huanza kazi ya mbwa. Mmoja hubweka bondeni, wa pili humjibu, na mazungumzo nyumbani hukatika. Baba huinua mkono, wote hunyamaza na kusikiliza. Je, ni mlevi arudiye kwake? Ni mnyama wa porini? Au ni watu wabaya wajao?

Hapa kwetu swali hilo si la kupitishia wakati. Mwanzoni mwa mwezi wa Februari 2022, usiku, watu wenye silaha waliingia kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, walimokaa watu waliokimbia makwao, wakaua watu wapatao 60. Tangu hapo wengi hulala sikio moja likiwa wazi.

Mzee mmoja, mchunga ng'ombe tangu utoto wake, alituambia: "Mwalimu, mnyama ajua. Sisi twalala, yeye yu macho." Mwanafunzi mmoja aliyekuwapo akauliza: "Na usiku ambao mbwa hakubweka, mzee, ndiyo kusema tulale salama?" Mzee hakujibu upesi. Nasi tuliona ya kuwa swali la kijana na neno la mzee yafaa kupimwa pamoja.

Katika Kitabu cha Hesabu twasoma habari za punda wa Balaamu, aliyemwona malaika njiani kabla ya bwana wake. Huo ulikuwa mwujiza. Sisi leo twauliza juu ya maumbile ya kila siku.

MASIKIO NA PUA

Kila mnyama amepewa na Muumba silaha zake. Sikio la binadamu halisikii sauti yenye mitetemo chini ya 20 kwa sekunde moja, wala ile ipitayo 20,000. Mbwa husikia hata zaidi ya 40,000. Ndani ya pua ya mtu mna chembe za kunusia kama milioni 5 au 6. Katika pua ya mbwa zapita milioni 200. Basi mgeni akipita gizani, na upepo ukitoka kwake kuja kwetu, mbwa amekwisha kumjua kabla sisi hatujasikia kishindo cha mguu.

Tembo naye husikia sauti nzito zisizofika masikioni mwetu. Mwaka 1984, mtaalamu wa Marekani, Katy Payne, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, akahisi hewa ikitetemeka ingawa hakusikia sauti yo yote. Ndipo ilipojulikana ya kuwa tembo huitana kwa sauti za chini sana, zinazokwenda kilomita nyingi. Hata okapi, mnyama wa msitu wetu wa Ituri, huongea na mtoto wake kwa sauti ya namna hiyo, na chui asizisikie.

Kuhusu tetemeko la ardhi, nalo twalijua kidogo sisi tukaao karibu na Bonde la Ufa na Ziwa Albert, jambo ni hili. Ardhi inapopasuka hutoa mawimbi ya namna mbili. Wimbi la kwanza hupita upesi nalo ni jepesi. La pili huja nyuma yake, nalo ndilo liangushalo nyumba. Mnyama mwenye miguu minne juu ya ardhi huweza kulihisi la kwanza, akaruka na kulia. Sisi huona ametabiri. Kumbe amehisi tu jambo lililokwisha kuanza.

ELIMU YA PORINI

Isidhaniwe kwamba wanyama huzaliwa na ujuzi wote. Katika miaka ya 1970 wataalamu walichunguza tumbili wa Amboseli, nchini Kenya. Waliona wana vilio mbalimbali: kimoja cha chui, kimoja cha tai, kimoja cha nyoka. Wasikiapo kilio cha chui hupanda mitini. Cha tai, hutazama juu au hukimbilia kichakani. Cha nyoka, husimama na kutazama majanini. Lakini watoto wa tumbili hukosea: huweza kulia kilio cha tai kwa sababu ya ndege asiye na madhara, au hata jani lianguka. Wakubwa hutazama kwanza, nao wadogo hujifunza polepole.

Huko huko Amboseli, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa tembo hutofautisha sauti za watu. Walipochezewa sauti ya mwanamume wa Kimasai, ambaye huweza kuwachoma mkuki, walikusanyika na kujihami. Sauti ya mwanamume wa Kikamba haikuwaogopesha vile, wala sauti za wanawake na watoto wa Kimasai.

Mfano mwingine watoka Morogoro, nchini Tanzania. Huko shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa uzito wake. Mmoja wao, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akafanya kazi nchini Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Akafa Januari 2022. Lakini tukumbuke: Magawa hakujua bomu ni nini. Alijua harufu yake, tena alijua ya kuwa akikwaruza ardhi hapo atapewa tunda. Kunusa kulikuwa kwake. Kuelewa kulikuwa kwa mtu aliyeshika kamba.

MAHALI WASIPOJUA

Sasa tulirudie swali la kijana. Kusini mwa Ituri, katika Kivu, kati ya Goma na Sake, mna mabonde madogo yaitwayo mazuku. Gesi ya kabonidioksidi hutoka chini ya ardhi ya milima ya moto, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni. Haina rangi wala harufu. Mbuzi na mbwa huingia humo wakafa, maana vichwa vyao viko karibu na ardhi. Pua ya mbwa, pamoja na nguvu zake zote, haimsaidii. Mzazi awaonye watoto: mkiona mbuzi amelala bondeni bila kujeruhiwa, msishuke kumtoa.

Nchini Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa gesi hiyo kwa ghafula. Walikufa watu kama 1,700, na mifugo kama 3,500 ikafa pamoja nao.

China nayo yatufundisha. Mwaka 1975, kabla ya tetemeko la Haicheng, nyoka walionekana wakitoka mashimoni katikati ya baridi kali. Tena ardhi ilitikisika mara nyingi kidogo kidogo, watu wakaondolewa nyumbani, wengi wakapona. Mwaka uliofuata, huko Tangshan, hakuna onyo lililotolewa, nao watu zaidi ya 240,000 wakafa.

BUNDI HANA HATIA

Vipi basi habari za bundi? Wengi husema akilia juu ya paa, mtu atakufa. Humrushia mawe, au, jambo baya zaidi, hunong'ona ya kuwa ametumwa na jirani fulani. Bundi huja karibu na nyumba kwa sababu mna panya, nao panya huja kwa sababu mna mahindi. Nyumba yenye mgonjwa hukesha, kwa hiyo humsikia. Nyumba zenye wazima zimelala. Tena ni nani ahesabuye usiku ule bundi alipolia na asife mtu? Kumwua bundi ni kuwalisha panya mahindi yetu. Kumshitaki jirani kwa ajili ya ndege ni kuwasha moto katika nchi iliyokwisha kuungua vya kutosha.

Neno la mzee, basi, ni kweli kwa nusu, na swali la kijana ndilo nusu ya pili. Mnyama huhisi mengi yaliyopo tusiyoyahisi; yajayo hayajui. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha, na mafuriko huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali. Mbwa akibweka, tuamke, tusikilize, tuulizane na jirani kabla ya kukimbia au kumshika mtu. Mbwa akinyamaza, zamu ya watu iendelee kama kawaida.

Jioni ile kijana alimsaidia mzee kufunga zizi. Kisha wakapatana nani atakesha hata usiku wa manane, na nani tangu hapo mpaka alfajiri. Mbwa naye alikuwa amelala mlangoni, sikio moja limesimama.