Sanduku la Besi

Mwenzangu msomaji, bila shaka umewahi kukisikia kinubi chetu cha obokano. Kina nyuzi 8 wala hakihitaji stima: bakuli lake lililowambwa ngozi ya ng'ombe ndilo spika. Gitaa la besi halina bakuli, lazima ulinunulie. Chama chetu cha muziki kimechanga mwaka mzima, na pesa zatosha sanduku moja tu. Je, lipi?

Wengi hapa Kisii na Nyamira hukimbilia spika moja ya inchi 15, ati kubwa ndiyo yenye besi. Hebu tupige hesabu. Waya mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo hutaka hewa nyingi isukumwe. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo. 15 mara 15 ni 225, lakini spika 4 za inchi 10 ni 400! Zikisogea umbali sawa, hizo nne zinashinda. (Kulibeba sanduku lake vilimani ni adhabu, hilo nakubali.)

Ligonge ubavuni. Likilia kama debe, mbao ni nyembamba, liache.

Kisha soma omu kule nyuma. Masanduku 2 ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Ukiongeza la 3, yanashuka chini ya omu 3, na amplifaya iliyoandikwa mwisho wake omu 4 itachemka, pengine iungue.

Mimi kura yangu ni spika 4 za inchi 10, omu 8. Tukichanga tena, tutaongeza sanduku la pili bila kugusa amplifaya.