Namba ya Siri Isiyokuwa Siri: Tuliyojifunza Kighare Kuhusu Simu na Fedha za Kamati

Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo limekuwa likijitokeza mara kwa mara tunapokagua vitabu vya miradi, nalo ni usalama wa fedha zinazotunzwa kwenye simu. Tunaanza na kisa cha Kighare, huku milimani Upare, kwa sababu ndicho kilichotufanya tubadili mawazo yetu wenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Michango ya mradi ilikaa kwenye kopo au sandukuni kwa mweka hazina, na kushuka mlimani hadi benki na kurudi ilikuwa kazi ya siku nzima pamoja na nauli. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, kisha kampuni nyingine za simu zikafuata na huduma za namna hiyo. Leo kijana wa Kighare aliyeko Dar es Salaam au Arusha anachangia bomba la maji la kijijini kwao akiwa amekaa kwenye daladala, na mchango wake unaonekana papo hapo. Hatuna nia ya kuirudisha kamati yoyote kwenye kopo.

Sasa kisa chenyewe. Kamati moja ya mradi wa maji ilikuwa ikitunza fedha zake kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, mama mtu mzima anayeheshimiwa na wote, mwenye simu ndogo ya batani, ile ambayo vijana huiita kiswaswadu. Siku hiyo alikuwa akimsubiri fundi amtajie namba ya kumlipia vifaa. Mchana ukaingia ujumbe mfupi kutoka namba asiyoijua, ukimwambia ile hela aitume kwenye namba hii, na kwamba jina litakalotokea litakuwa la mtu mwingine. Macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, kwa hiyo akamwita mjukuu wake amsomee. Mjukuu akasoma, bibi akakubali, mtoto akabonyeza. Jioni fundi halisi akapiga simu kuuliza fedha zake.

Zilizopotea hazikuwa nyingi kwa kipimo cha miradi yetu mingine, lakini zilikuwa michango ya watu. Kilichotuumiza zaidi ni yaliyofuata. Kwa majuma kadhaa maneno yalizunguka kijijini kwamba mtoto amekula hela za maji, na wengine wakasema bibi yake anamficha. Mama huyo akaomba kujiuzulu. Sisi tulipofika tulikuja na somo letu lile lile la kila semina: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza, kwa upole kabisa, kama asimpe mtu namba hiyo, nani atakuwa anamsomea?

Hatukuwa na jibu. Tukarudi tukiwa tumeanza kutafakari.

Tuangalie kwanza tapeli alivyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba anayetapeliwa kwa njia hii ni mjinga au mwenye tamaa. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" hautumwi kwa mtu mmoja. Hurushwa kwa namba nyingi bila kumjua mwenye simu ni nani. Tapeli anategemea jambo moja tu: katika nchi ambayo karibu kila mtu anadaiwa ada, kodi ya nyumba, mchango wa harusi au malipo ya fundi, miongoni mwa waliopokea lazima watakuwepo ambao muda huo walikuwa wanasubiri kutajiwa namba. Mama wa Kighare alikuwa mmoja wao. Hakudanganywa na ahadi ya zawadi. Alikuwa akilipa deni halali, kwa wakati, kama tulivyomfundisha.

Tena, kampuni za simu ziliweka kinga nzuri hapo. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mtu unayemtumia. Kinga hiyo imeokoa fedha nyingi za watu waliokosea tarakimu moja. Lakini tapeli aliivunja kwa sentensi moja, pale alipotangulia kusema kwamba jina litakalotokea ni la mtu mwingine. Mjukuu alipoona jina geni hakushtuka, bali aliona ndivyo alivyoambiwa. Na tukubali kwamba hata watu halali hutuambia hivyo hivyo kila siku: tuma kwa namba ya mke wangu, au ya wakala huyu, au ya shemeji yangu maana yangu imefungwa. Mazoea yetu wenyewe ndiyo yaliyoitoboa kinga ile.

Jambo la pili ni muda. Anayepiga namba zenye nyota na reli kupata menyu ya fedha hapewi muda wa kutosha kutafakari. Ukichelewa kuchagua, menyu inakatika na unaanza upya. Kwa kijana hilo si tatizo. Kwa mama anayesogeza simu mbali na macho ili aone, anayeshika daftari lenye namba kwa mkono mwingine, na ambaye mtandao wa milimani unakuja na kuondoka, menyu itakatika mara mbili, na mara ya tatu ataikabidhi simu kwa mtoto. Akishaikabidhi, namba ya siri imekwenda nayo. Sisi tulikuwa tukiuita huo uzembe. Leo tunauona kuwa ni matokeo ya kifaa kilichotengenezwa kwa kumfikiria mtu mwingine.

Hatukugundua jambo jipya. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar, waliwaketisha watu 12 mbele ya programu ya kuficha barua pepe iliyokuwa ikisifiwa kwa urahisi wake, wakawapa dakika 90. Wengi walishindwa kuitumia ipasavyo, na watatu waliituma siri yenyewe ikiwa wazi kabisa, bila kukusudia. Hawa hawakuwa watu wasiojua kompyuta; barua pepe walikuwa wameshaizoea. Mwaka huo huo, huko Uingereza, Anne Adams na Angela Sasse waliandika kwamba mtumiaji si adui wa usalama, na kwamba watu hukiuka masharti pale masharti yanapogongana na kazi wanayotakiwa kuifanya. Ni kama walikuwa wamekaa Kighare.

Hata kabla ya kompyuta jambo hili lilijulikana. Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi, aliandika nchini Ufaransa mwaka 1883 kuhusu namna jeshi linavyopaswa kuficha barua zake, akaweka masharti sita. La sita ni kwamba njia yenyewe iwe rahisi kutumia, isimlazimu mtu kuumiza kichwa wala kukariri orodha ndefu ya kanuni. Askari aliyechoka, chini ya mvua, lazima aiweze. Tukimweka mama mweka hazina mahali pa askari huyo tutaona jinsi tulivyokuwa mbali na sharti la sita.

Na hapa lazima tujikosoe. Ofisi yetu iliwahi kuzitaka kamati zijaze taarifa za robo mwaka kwa njia ya kompyuta, na kila kamati ikapewa nywila iliyotakiwa kuwa na herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadilishwa kila baada ya siku 90. Tulipotembelea kamati moja tuliikuta nywila yao imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kalenda ya ukutani, kila mpya chini ya ile ya zamani iliyokatwa mstari. Tulikasirika. Lakini kanuni ile hatukuibuni sisi. Ilienea duniani kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 taasisi hiyo ilibadili mwongozo wake, ikaacha kuhimiza alama za kulazimisha na mabadiliko ya kila baada ya muda, na Burr mwenyewe akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoandika. Watu walipolazimishwa kubadili walikuwa wakiongeza tarakimu moja mwishoni, jambo ambalo mwizi yeyote analijua. Kwa hiyo wazee wa kalenda walikuwa wakitii kanuni ambayo hata aliyeitunga amekuja kuikana.

Tarakimu nne za simu nazo zina udhaifu wake. Kwa hesabu zipo namba 10,000 za kuchagua, lakini binadamu hachagui hivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikadiria kwamba mwizi aliyeokota pochi yenye kadi ya benki pamoja na kitambulisho angeweza kufanikiwa katika pochi moja kati ya kila 11 hadi 18, kwa sababu ya watu wanaotumia tarehe zao za kuzaliwa. Sasa fikirini mkoba wa mweka hazina wetu: simu imo humo, na kitambulisho cha taifa chenye tarehe ya kuzaliwa kimo humo humo.

Tufanye nini basi? Wapare hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ndiva zetu, yale mabwawa madogo ambayo hukusanya maji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, hazikulindwa kwa siri iliyokaa kichwani mwa mtu mmoja. Zililindwa kwa sababu zamu ilijulikana na wote. Mtu akifungua maji wakati usio wake, mfereji wa jirani unakauka na jirani anatoka kuuliza. Ulinzi ulikuwa ndani ya utaratibu wa kazi. Fedha za kamati zinahitaji kitu cha namna hiyo, na kwa bahati nzuri zipo huduma zinazofanana nayo. Vodacom ilianzisha M-Koba mwaka 2019 kwa ajili ya vikundi, ambako malipo hayatoki mpaka viongozi wengine nao waidhinishe kwenye simu zao. Akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja hufanya kazi hiyo hiyo. Ujumbe wa tapeli ukimkuta mweka hazina amechoka, bado kuna katibu ambaye ataona jina geni na kuuliza, huyu ni nani?

Kamati ambazo bado hazijaweza kuhamia huko, tumekubaliana nazo mambo machache. Laini ya kamati iwe peke yake, isichanganywe na fedha za nyumbani. Hakuna malipo kwa namba iliyokuja kwa ujumbe: mlipaji ampigie anayelipwa kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, na asikie sauti anayoifahamu. Ukija ujumbe kwamba mmepokea fedha, ukifuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea kutuma na arudishiwe, angalieni kwanza salio, kisha mwelekezeni awasiliane na kampuni yake. Anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja akipiga kwa namba nyingine yoyote isiyokuwa 100, kateni simu. Ujumbe wa kitapeli upelekwe 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kila mwenye laini apige *106# ili ajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana tangu usajili wa alama za vidole wako watu waliokuta laini wasizozijua. Fedha zikishatumwa kimakosa, piga 100 dakika hiyo hiyo kabla hazijatolewa kwa wakala, halafu nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo, ingawa tuseme kweli, fedha iliyokwisha kutolewa ni nadra kurudi.

Kwa wafadhili tunalo ombi. Mmekuwa mkituuliza kama mnaweza kuchangia kompyuta mpakato kwa kamati, na tunashukuru. Lakini tulipoorodhesha waweka hazina wanaokabidhi simu zao kwa watoto, tuliona kwamba wengi wao hawashindwi kusoma. Hawaoni. Miwani ya kusomea kwa mtu wa umri huo ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na kompyuta moja, na huenda ndiyo zana ya usalama ambayo imetuponyoka miaka yote hii. Tunaomba pia mtuvumilie katika taarifa za fedha. Kamati inayosubiri idhini ya watu wawili, mmoja wao akiwa shambani mahali pasipo na mtandao, itachelewa kulipa, na risiti zitachelewa kuwafikia. Hapo awali tulizisukuma kamati zilipe haraka kwa sababu ninyi mlitusukuma sisi, na haraka hiyo ndiyo aliyoitegea tapeli.

Kuhusu mama wa Kighare, kamati ilikaa, ikasoma ule ujumbe kwa sauti mbele ya wote, na kila aliyekuwepo akaulizwa kama hajawahi kupata mwingine kama huo. Wengi walitoa simu zao na kuonyesha. Hakujiuzulu. Mjukuu wake bado anamsomea ujumbe, ila sasa malipo yanasubiri mpaka katibu naye akubali.

Mafunzo yajayo kwa waweka hazina na makatibu yatafanyika huko huko Kighare, na tarehe itatangazwa kupitia ofisi za parokia. Hatutatumia mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Kila mmoja aje na simu anayoitumia kweli, hata kama ni ya kuazima, na aliyezoea kusomewa aje na huyo anayemsomea.