Uhai wa MGB Uko Chini ya Milango

Anayenunua gari la zamani la Ulaya ili alifufue kwa mapenzi yake mara nyingi huanza kwa kufungua boneti. Husikiliza injini, hutazama moshi, kisha hurudi kuisifu rangi. Kwa MGB, gari dogo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, huko siko kwenye tatizo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ni ngumu, haina mambo mengi, na spea zake zinapatikana hadi leo. Kinachoamua kama gari litapona ni vizingiti vya milango.

MGB haina chesi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba injini, magurudumu na abiria. Tena ile ya wazi haina paa la chuma la kusaidia, hivyo mzigo mkubwa umeangukia vizingiti viwili. Kila kizingiti ni mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja yakawa boksi refu, tupu ndani. Wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Gurudumu la mbele hurusha tope lenye chumvi nyuma ya madigadi, tope linaganda pale, unyevu unaingia ndani ya boksi, na vitundu vya kutolea maji vikiziba, kutu inakula bati kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Wenye magari wa Mombasa na Dar es Salaam wanaijua kutu ya namna hiyo. Kwao chumvi huja na upepo wa bahari.

Kuipima ni rahisi. Sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba hushika bati, lakini haishiki puti. Kisha liinue gari kwa jeki upande mmoja, ujaribu mlango. Ukikwama, au mwanya wake ukibadilika, ujue gari linajikunja katikati.

Dawa ya uongo ni kuchomelea bati jipya juu ya lililooza. Kazi hiyo inanikera, kwa sababu inafungia maji ndani na kumwachia mnunuzi ajaye hatari asiyoiona. Na tangu Mei 2018 gari lililofikisha miaka 40 Uingereza, kama halikubadilishwa sana, halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. MGB zote zimefika umri huo. Mwenye gari asipoinama kutazama, huenda asiwepo mwingine wa kumwambia.

Kizingiti kikatwe chote kilichooza, upande mmoja kwa wakati, gari likiwa limekaa sawasawa juu ya vishikizo imara. Kabla ya msumeno kugusa bati, uwazi wa mlango uchomelewe nondo ya muda, la sivyo bodi italegea na mlango hautafunga tena vizuri. Bati jipya libanwe kwanza, mlango ufungwe, mwanya utazamwe juu na chini, ukipinda, rudia. Ndipo uchomelee nukta ndogondogo ukirukaruka, maana moto mwingi mahali pamoja hupindisha bati. Mwisho boksi linyunyiziwe nta ndani. Ni kazi ya kuchosha, na bila hiyo rangi ya bei ghali ni hasara.

Injini nayo ina haki yake. Kichwa chake ni cha chuma cha kusubu, na petroli ya zamani yenye risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Kwa petroli ya leo fundi huweka viti vigumu zaidi. Mafuta ya breki hufyonza maji, basi yabadilishwe hata kama gari halitembei.

Bodi ikishindikana kabisa, njia ipo: tangu 1988 British Motor Heritage inatengeneza bodi mpya nzima za MGB kwa mitambo ya asili. Ni msaada mkubwa, ila mimi ningeanza kwa kuokoa bati la zamani, kwani likishatupwa, kilichobaki cha gari la awali ni injini, ekseli na vitu vya ndani.