Usianze na Namba Moja: Jinsi ya Kuingia Katika Ulimwengu wa Katuni Bila Kupotea

Mwaka juzi nilimtumia mpwa wangu wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, furushi la vitabu vya katuni. Nilivinunua hapa Mombasa kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba, nikavifunga kwa kamba na kumkabidhi kondakta wa basi la Nairobi. Kijana ana miaka 14. Mwalimu wake alikuwa amemlalamikia mama yake kwamba mtoto hapendi kusoma, nami nikadhani nimepata dawa.

Baada ya wiki tatu dada yangu alinipigia simu. "Kaka, vile vitabu viko chini ya kitanda. Mtoto anasema yeye si mtu wa kusoma."

Desemba nilipokwenda kuwatembelea, nilimwomba anionyeshe ni wapi alipokwama. Akatoa Civil War, toleo la nne. "Mjomba, hapa kuna jitu linauawa na watu wote wanahuzunika. Mimi simjui. Nimerudia mara tatu. Nikajua akili yangu ni nzito."

Akili yake haikuwa nzito hata kidogo. Civil War ni hadithi ya matoleo saba, iliyotoka mwaka 2006 na 2007, na lile jitu, Goliath, ni la Bill Foster, mtu aliyeanza kuonekana katika vitabu hivyo mwaka 1966. Nilikuwa nimempeleka mtoto matangani kwa marehemu asiyemjua, kisha nikategemea alie. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyelipa ni yeye. Ndiyo maana naandika makala haya, kwa ajili ya wajomba, wazazi, walimu na vijana wanaotaka kuingia katika hadithi hizi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachozifanya kuwa ngumu. Katika vitabu vya kampuni za Kimarekani kama Marvel na DC, mashujaa wote wanaishi katika ulimwengu mmoja. Katika toleo la kwanza la gazeti lake, mwaka 1963, Spider-Man alikwenda kwa Fantastic Four kuomba kazi. Linalotokea katika kitabu kimoja linasikika katika kingine, na waandishi wamekuwa wakiendeleza mazungumzo hayo kwa zaidi ya miaka 60. Msomaji mpya ni kama mgeni aliyeingia barazani wazee wakiwa katikati ya kisa.

Kwetu jambo hili si geni. Sungura na Fisi wanakutana katika mamia ya ngano, na Abunuwasi ana visa visivyohesabika. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alikusanya ngano za Wakamba na kuzichapisha katika kitabu Akamba Stories mwaka 1966, mwaka uleule ambao Black Panther alitokea kwa mara ya kwanza katika Fantastic Four namba 52. Hakuna mtoto anayeuliza kisa cha Sungura kianzie wapi, kwa sababu kila ngano ina mlango wake. Hata Shujaaz, katuni yetu ya Kenya iliyoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti, ilimruhusu msomaji kumfahamu Boyie na redio yake ya siri kuanzia toleo lolote. Vitabu vya Marvel vina milango pia, ila haikuandikwa juu kwamba huu ni mlango.

Watu hupanga usomaji kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kufuata tarehe ya kuchapishwa, kuanzia Fantastic Four namba 1 ya mwaka 1961. Inaonekana ni njia ya haki, lakini ina wingi wa kutisha. Mwandishi Mmarekani Douglas Wolk alisoma vitabu vya Marvel zaidi ya 27,000, akaandika juu ya safari hiyo katika All of the Marvels mwaka 2021. Yeye aliyevisoma ndiye anayetuambia tusijaribu. Piga hesabu mwenyewe: ukisoma kimoja kila siku, utahitaji zaidi ya miaka 70.

Njia ya pili ni kufuata umri wa matukio, yaani kuanza na utoto wa wahusika na kupanda. Hapa tatizo ni kwamba utoto mara nyingi husimuliwa baadaye, kwa msomaji anayemjua mtu mzima tayari. Tena wahusika hawa hawazeeki. Utaona mfano wake hapo chini.

Njia ya tatu ni kufuata matukio makubwa, yale yanayowakutanisha mashujaa wote. Huu ndio mtego nilioutega mimi. Tukio kubwa huwa na kitabu chake cha msingi, kisha matawi yake yanaingia katika magazeti mengine mengi. Ni karamu ya waliokwisha kujuana. Ukilazimika kuisoma, soma kitabu cha msingi tu, kuanzia namba 1 mpaka mwisho, na matawi uyaache.

Njia ya nne, ambayo ndiyo naipendekeza, ni kuchagua mtu mmoja na kumfuata. Mchague kwa sababu shida yake inakuhusu. Umaarufu wake usikubabaishe. Dunia yote iliyobaki utaiona kupitia dirisha lake, kidogo kidogo.

Kwa mpwa wangu nilimchagua Ororo Munroe, anayeitwa Storm. Baba yake ni mpiga picha wa habari Mmarekani, mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na yeye ana uwezo wa kuamuru mvua na upepo. Nilijua jambo hilo litaeleweka Kibwezi. Ukambani watu hutazama mawingu ya Oktoba kama sisi wa Pwani tunavyotazama maji kupwa na kujaa, na kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu ilifuatana bila mvua ya kutosha. Huu hapa mpangilio niliomwandikia nyuma ya karatasi ya daftari:

1. Giant-Size X-Men namba 1, mwaka 1975, ya Len Wein na Dave Cockrum. Ororo yuko Kenya, watu wanamwabudu na kumwomba mvua wakati wa ukame. Anachukuliwa kujiunga na wenzake. Mlango ni huu.

2. X-Men namba 102, mwaka 1976. Hapa tunaambiwa wazazi wake walikufaje Cairo na kwa nini anaogopa mahali pembamba. Hadithi hii iliweka vifo hivyo katika vita vya Suez vya mwaka 1956. Ukishika tarehe hiyo kwa nguvu, leo Ororo angekuwa bibi mwenye wajukuu. Waandishi waliofuata waliiachia, nawe iachie.

3. Marvel Team-Up namba 100, mwaka 1980. Ororo na T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, wakutana wakiwa wadogo. Ingawa ni jambo la utotoni, lisome hapa.

4. Uncanny X-Men namba 185 na 186, mwaka 1984. Ororo anapoteza nguvu zake.

5. Namba 198, mwaka 1985. Amerudi Afrika akiwa mtu wa kawaida. Ardhi ni kavu naye hawezi kuleta hata tone.

6. Namba 201, mwaka 1986. Bado hana nguvu, lakini anashindania uongozi wa kundi na kushinda.

Baada ya hapo, anayetaka harusi yake na T'Challa ataikuta Black Panther namba 18 ya mwaka 2006. Mwaka huohuo Eric Jerome Dickey alisimulia upya mapenzi yao ya ujana katika matoleo sita, na hayalingani kabisa na simulizi la mwaka 1980. Usihangaike kutafuta nani mkweli. Hata nyumbani, shangazi na mjomba hawasimulii harusi moja kwa namna moja.

Nilimwonya pia juu ya mambo mawili. La kwanza ni namba. Kampuni hupenda kuanza upya kuhesabu, kwa hiyo kuna Black Panther namba 1 ya mwaka 1977, nyingine ya 1998, nyingine ya 2005, nyingine ya 2016. Namba bila mwaka itakupoteza, basi andika vyote viwili kabla hujatoa pesa. La pili ni nyota ndogo ndani ya picha, inayokuelekeza chini ya ukurasa kwamba jambo hili lilitokea katika toleo fulani. Ukikimbilia kila nyota hutamaliza hata kitabu kimoja. Soma maelezo yake, yakubali, endelea.

Kupata matoleo yale ya zamani mojamoja ni kazi, na bei yake haifai kwa mfuko wa mwanafunzi. Tafuta majuzuu yanayokusanya matoleo kadhaa pamoja. Mimi ilinichukua miezi kuyapata, mengine kwa kuazima.

Likizo ya Agosti nilimpelekea yale ya miaka ya 1980. Tukapanda matatu Kibwezi, tukavuka mto Athi, tukapita Ikutha hadi Mutomo, Kaunti ya Kitui, anakofundisha dada yake mkubwa. Kijana alisoma njia nzima. Tulipofika, dada mtu akakichukua kitabu kwa utani, akaishia kukisoma jioni yote, hasa lile toleo la 198 ambamo mleta mvua hana mvua, anatembea kwa miguu kama sisi na kumsaidia msichana kujifungua.

"Huyu namwelewa," akasema. "Alipokuwa anaabudiwa simwelewi. Hapa namwelewa. Sisi huku hatukungoja mtu wa kutuamrishia mawingu, tulijenga mabwawa ya mchanga."

Mdogo wake akamjibu kwamba asubiri asome namba 201. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Nilikaa kimya nikiwasikiliza, kwa maana huyo ndiye mtoto aliyesema akili yake ni nzito.

Mwezi uliopita amenitumia ujumbe mfupi: "Mjomba, nitafutie Civil War namba 1, 2 na 3. Nataka kujua yule jitu alikuwa nani kabla hajafa." Hilo sikumwagiza. Ameupata mlango wake, sasa anatembea vyumba vingine mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na kijana nyumbani aliyekitupa kitabu cha namna hii, usimuulize mbona hasomi. Muulize alianzia ukurasa gani, na ni nani aliyempa.